Faiba: taa zinawaka pande zote kumbe data inapita upande mmoja, nagunduaje mapema?

vumbi_la_dom: Wakuu kwema? Nina swichi mbili za Cisco, majengo mawili huku Mtumba, katikati kuna linki mbili za faiba zinazopita kwenye midia konveta (vile viboksi vya kugeuza faiba kuwa waya wa shaba), moja inabeba mzigo nyingine STP (ile inayozuia data kuzunguka) imeifunga iwe akiba. Juzi saa nne asubuhi mtandao wote chali, taa zinapepesa kama disko, tumehangaika mpaka jioni ndo tunakuta uzi mmoja wa ile linki ya akiba umekatika, A inatuma B haipati kitu, lakini poti zote zinaonyesha up. Up ya wapi sasa? Na linki ya akiba inaangushaje mtandao mzima?

fundi_wa_nkuhungu: Pole mkuu. Aliyekudanganya ni konveta, swichi inaona waya wake mpaka kwenye konveta mzima basi inaridhika. B ilipoacha kusikia BPDU (ujumbe wa STP) za A ikadhani huko hakuna mtu, ikaifungua poti iliyokuwa imefungwa, lupu hiyo, data inazunguka bila kuisha, maana B kwenda A bado kunapita. Washa UDLD (ya Cisco, inakagua kama data inakwenda na kurudi) pande zote mbili, ile mode kali (aggressive), jirani akipotea inamtafuta mara 8, mara moja kila sekunde, kisha inazima poti. Ila angalia, ukiiwasha kwa swichi nzima inashika poti za faiba tu, wewe poti zako ni za RJ45 (waya wa shaba) kwa hiyo ingia poti kwa poti, hapa wengi wanaliwa.

zabibu_na_swichi: Aongeze na loop guard, inazuia poti iliyofungwa isifunguke BPDU zikikatika. UDLD kawaida inatuma kila sekunde 15, jirani anasahaulika baada ya 45, wakati RSTP (STP ya kasi) ikikosa hello 3, yaani BPDU 3 mfululizo, yaani sekunde 6 tu inaanza kubadilisha mambo, UDLD itafika msibani watu wameshazika. Na kama siku moja utaweka Huawei upande mmoja sahau UDLD, wao wana DLDP, ya kwao ya kazi hiyo hiyo, na haviongei.

vumbi_la_dom: Nimeweka vyote, jana usiku nikachomoa uzi mmoja makusudi, poti ikajizima yenyewe, mtandao haukutikisika. Nikasahau kuirudisha. Asubuhi bosi ananiuliza mbona taa moja imezima, jana si zilikuwa zinawaka zote 😂

fundi_wa_nkuhungu: Mwambie ile ndo inafanya kazi. Kisha futa na vichwa vya faiba, kwa vumbi hili la kwetu usije ukalaumu uzi bure.