Mjadala: Watafiti wa mbegu wameyapunguza mahindi yetu au wameyaongezea?

Mkulima, Trans Nzoia

Kila mkutano wa wakulima ninaohudhuria, lazima mtu asimame aseme mbegu za dukani zimeua mbegu za asili. Mimi nalima mahindi, baba alilima kabla yangu, na naona kauli hiyo imebeba nusu ya habari.

Tuanzie hapa Kitale. Mwaka 1964 ilitoka mbegu chotara ya mahindi iitwayo H611. Mzazi wake mmoja ni Kitale Synthetic II, iliyochaguliwa kutoka kwa mahindi meupe yaliyokuwa tayari mashambani huku. Mzazi wa pili ni Ecuador 573, mahindi ya milima ya Andes. Hapo mtafiti alipunguza nini? Alileta damu mpya kutoka ng'ambo ya bahari. Na hayo tunayoyaita ya asili nayo yalitoka Amerika, ila yamekaa kwetu hadi tukasahau kwamba yalikuja.

Sasa nusu ya pili. Septemba 2011 MLN, ugonjwa unaoua mahindi, ulionekana Bomet kwa mara ya kwanza nchini. Ni virusi viwili vinavyoshambulia kwa pamoja, kimoja kikiwa kile kinachoshambulia miwa pia. Chotara karibu zote zilizokuwa madukani hazikuwa na kinga. Uliponifikia mimi, maganda yalikauka kabla ya wakati na magunzi yakabaki na punje za kuhesabu. Nilitembea na barabara nikitafuta shamba lililopona nikaulize mwenyewe alipanda nini. Sikulipata, kwa sababu tangu kwangu hadi sokoni sote tulikuwa tumepanda aina ile ile.

Swali langu: anuwai ya vinasaba, yaani jinsi mbegu zinavyotofautiana kwa damu, tuipime kwa orodha ya mbegu zilizoidhinishwa, au kwa kilichomo shambani?

Mtafiti wa mbegu, Nakuru

Mzee wangu, pole kwa hasara hiyo. Lakini tusiilaumu kazi ya uboreshaji kabla ya kutazama vipimo. Mwaka 2010 watafiti kutoka Uholanzi walikusanya tafiti 44 kuhusu mbegu zilizotolewa katika karne ya 20, za mazao manane, ngano ikiongoza. Walikuta anuwai ilishuka kwa asilimia 6 katika miaka ya 1960 ikilinganishwa na ya 1950. Baada ya miaka ya 1970 kuna dalili kwamba ilipanda tena, kwa kuwa watafiti walirudi kutafuta vinasaba vipya. Ule mteremko usiokoma tunaohubiriwa haukuonekana.

Na MLN tumepambana nayo kwa njia gani? Mwaka 2013 kilifunguliwa kituo Naivasha, mahindi yenye asili mbalimbali yakaambukizwa makusudi ili yanayostahimili yajitokeze. Bila ghala pana la vinasaba tusingekuwa na mahali pa kuanzia. Ukihifadhi punje za chotara ukazipanda msimu unaofuata, mavuno yanashuka, hilo unalijua. Kurudi nyuma si dawa.

Mama mkulima, Kitui

Mwanangu, huku kwetu mvua hukata mapema, na hiyo chotara ya Kitale ingekauka kabla ya kuchanua. Tulipewa Katumani, mahindi yanayokomaa mapema, miaka ya 1960, nayo pia ni kazi ya watafiti, nawashukuru. Lakini hatukuiacha ilivyokuja. Tuliipanda kando ya mahindi ya Kikamba, upepo ukachanganya, na kila mavuno nikachagua magunzi nikayatundika juu ya meko yapate moshi. Huo si uboreshaji wa mbegu?

Halafu sheria ya mwaka 2012 ikaniambia nikimuuzia jirani mbegu hizo naweza kutozwa faini ya shilingi milioni moja au kufungwa miaka miwili. Mimi, kwa gorogoro moja! Wakulima wenzetu walikwenda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Miaka yote hiyo tulikuwa tukipeana kwa siri. Mbegu isiyopita mkononi hufa, hata kama hakuna aliyeiua.

Mkulima, Trans Nzoia

Mama, asante. Umenionyesha nilichokuwa nakikosa: nilikuwa nahesabu mbegu bila kumhesabu anayezichagua.

Nawe mtafiti, takwimu zako sizipingi. Lakini utafiti ule ulipima mbegu zilizotolewa na watafiti. Haukupima aina za wakulima zilizokuwepo kabla yake, wala ekari ambazo kila mbegu ilichukua. Aina thelathini zikiidhinishwa na moja ikatawala bonde zima, kwenye karatasi tuna utajiri na shambani tumesimama kwa mguu mmoja. Wamarekani walionja hilo mwaka 1970: takriban asilimia 85 ya mahindi yao yalikuwa na saitoplazimu (sehemu ya seli inayozunguka kiini) ya aina moja, ukungu ukaingia, wakapoteza karibu asilimia 15 ya mavuno ya nchi.

Sisemi turudi nyuma. Tanzania wana mbegu za kuazimiwa ubora: mkulima anazalisha, anakaguliwa, anawauzia majirani wa eneo lake. Kwa nini Mama asiwe na mlango kama huo?

Na wewe uliye karibu na maabara, nakuomba jambo moja. Chukua gunzi moja kutoka kila kijiji cha wilaya hii, upime vinasaba. Mimi nasema utakuta koo chache sana za mbegu. Ukikuta nyingi, njoo hapa uniambie, nami nitabadili msimamo mbele ya wote.