Naomba ushauri: sikukuu ya kumshtukiza binti yangu

Jambo wazazi wenzangu, naomba mnisaidie mawazo.

Binti yangu anatimiza miaka 15 Jumamosi ijayo. Wenzake wa darasani wanamwandalia sikukuu ya kumshtukiza nyumbani kwa mmoja wao, Kampemba. Sisi tunakaa Katuba. Nimeshaongea na mama wa rafiki huyo, tumegawana kazi: yeye keki na vinywaji, mimi kuku na mandazi. Atakuwepo mwenyewe mpaka mwisho, na hilo limenituliza.

Kinachonisumbua ni maji. Mnajua vijana wetu: mwenye sikukuu lazima amwagiwe maji, mara nyingine na unga na mayai juu yake. Mwezi huu wa 7 hapa Lubumbashi jioni kuna baridi kali, na mtoto wangu ana pumu. Nimewaomba wenzake waache, wakaitikia "ndiyo mama" huku wakitazamana. Baba yake anasema tufute yote. Mimi sitaki kabisa, maana mtoto tayari anadhani tumemsahau, na mwaka jana tulikuwa kwenye kilio, hakufanyiwa kitu.

Basi naomba kuuliza: kuna kitu gani mliwapa vijana wenu badala ya kumwagiana maji, wakakikubali kwa moyo? Na nitumie kisingizio gani kumfikisha kule mapema, kama saa 9 mchana, jua likiwa bado lipo? Yeye hatoki nyumbani bila kuambiwa anakwenda wapi na kwa nani.