Zabuni ya mashuka: kikundi chetu kiombe au kiache?

MamaCherehani: Hamjambo wanajukwaa. Sisi ni wanawake 14 katika wilaya moja ya mashariki mwa Uganda, tunashona sare na mashuka, na kikundi chetu kimesajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Hospitali inahitaji mashuka 600, na zabuni hiyo imetengewa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vyerehani tunavyo vinne, kimoja kinaruka mshono, na mtaji wa kitambaa hatuna. Bahasha zinafungwa Ijumaa saa tano asubuhi. Je, tuombe?

Mzee_wa_Bombo: Ombeni bila kusita, kwa sababu Sheria ya Manunuzi ya Umma ya 2003 ilirekebishwa mwaka 2021 ili makundi kama lenu yapate fungu lake. Ila jiandaeni kusubiri malipo. Mimi niliwahi kupeleka maharage shuleni nikalipwa baada ya miezi saba, na kufikia wakati huo mwenye magunia alikuwa karibu kuhamia barazani kwangu.

DadaKikuubo: Shuka la hospitali hufuliwa kwa maji ya moto na dawa kali, kwa hiyo msidanganyike na kitambaa chepesi kwa sababu ya bei. Kishikeni mkiinue kwenye mwanga. Mkiona vidole vyenu, kirudisheni.

Kalamu_Nyekundu: Dada, unasema mtaji hamna, lakini hujauliza popote habari za mkopo. Nani ananunua hicho kitambaa?

MamaCherehani: Ni kweli sikueleza yote. Shemeji yangu ni mfanyabiashara, naye ataleta mashuka yaliyokwisha kushonwa kutoka Kampala. Sisi tutatia sahihi na mhuri, na fedha zikiingia kwenye akaunti ya kikundi tutabaki na asilimia 8. Najua mtanilaumu, lakini kwetu hiyo ni karo ya muhula mzima, na tukikataa atatafuta kikundi kingine. Isitoshe, nimekwisha kumwachia karatasi tatu zenye jina la kikundi, tupu, zimepigwa mhuri.

Kalamu_Nyekundu: Tupu? Mzigo ukikataliwa, au ikigundulika kwamba maelezo ya zabuni ni ya uongo, mamlaka inayosimamia manunuzi inaweza kuwafungia ninyi msishiriki zabuni yoyote ya umma, wakati shemeji yako hatajwi popote.

Mzee_wa_Bombo: Ng'ambo ya mpaka wa Busia, Kenya imetenga asilimia 30 kwa makundi hayo, na malalamiko kuhusu kampuni za kivuli ni haya haya. Mwenye fedha hakosi mwanamke wa kumwazima jina, na ninyi wanawake mnakubali upesi mno.

DadaKikuubo: Mzee, aliyekopesha maharage yako alikuwa mwanamke au mwanamume?

Msafiri_wa_Arua: Samahani, mimi siamini kisa hiki. Mwaka jana kililetwa hapa kikiwa na sabuni badala ya mashuka, na shemeji alikuwamo. Tena siku hizi Serikali ina mfumo wa zabuni wa kielektroniki. Bahasha zinatoka wapi?

MamaCherehani: Wilaya yetu bado inapokea bahasha, na sanduku lenyewe limefungwa kwa kufuli mbili nje ya chumba cha ofisa manunuzi. Kile cherehani kinachoruka tunakiwekea kipande cha kanga chini ya mguu, ndipo kinashika mshono hadi nguo iwe nzito. Nani atunge hayo, na kwa faida gani? Kama kisa cha sabuni kilikuwapo, naomba nikione, nijue yule mwenzangu alilipwa au hakulipwa.

Msafiri_wa_Arua: Nimekitafuta, sikioni. Huenda kilifutwa.

Kalamu_Nyekundu: Tuachane na sabuni. Ombeni sehemu ya mashuka mnayoyaweza, kama tangazo linaruhusu kugawa, na mshone wenyewe. Zile karatasi umezichukua?

MamaCherehani: Nimempigia simu. Anasema yuko Kampala na atanirudishia Jumamosi.