Mnaoenda kambi za bure Flagstaff na kuacha makaa yanawaka, mtatuchomea msitu

Wakuu habari zenu. Nimekaa siku nne najizuia kuandika nikisema hasira zipoe kwanza, hazijapoa, kwa hiyo wacha niseme.

Naishi Phoenix, jimbo la Arizona huku Marekani, mwaka wa tisa sasa. Wanaolijua joto la hapa wanaelewa kwa nini ikifika mwisho wa Mei sisi wenye watoto tunakimbilia juu Flagstaff, masaa mawili na kitu tu umetoka kwenye jangwa umeingia kwenye misonobari mita 2,100 kwenda juu, usiku unavaa sweta na blanketi juu. Na uzuri wa ule msitu wa Coconino ni mali ya umma, unaruhusiwa kuingia zile barabara za vumbi zilizo kwenye ramani ya wasimamizi wa msitu, ukasimamisha hema bila kulipa hata senti, siku 14 ndani ya kila siku 30. Ila hakuna choo, hakuna bomba, hakuna pipa la taka, hakuna mlinzi. Maji unakuja nayo, taka unaondoka nazo. Hakuna wa kukufagilia.

Ijumaa ile tumefika jua linazama, mimi, mama watoto na wanangu wawili. Tukapata sehemu tambarare safi, duara la mawe limeshapangwa, waliokuwepo wameondoka muda si mrefu maana alama za tairi bado mbichi kwenye vumbi. Mdogo ana miaka sita, akakimbilia kwenye majivu na kijiti chake, nikamwahi maana niliona hewa inacheza cheza juu ya yale majivu. Moshi hakuna. Nikasogeza mkono, joto. Nikafukua kwa chepe, wakuu, chini makaa mekundu kabisa na gogo limeungua kuelekea kwenye mizizi, upepo unavuma, na majani makavu ya msonobari yametandaa kila upande kama mkeka. Na bango la kukataza moto lipo pale pale mnapokata kona kutoka lami! Mmelipita mkaenda kuwasha!

Nilikuwa na madumu mawili ya lita 20. Hayo ndiyo maji ya watu wanne ya kunywa, kupika na kunawa mpaka Jumapili. Nikamwaga nusu dumu, nikakoroga, nikagusa, bado. Nikamalizia. Bado. Dumu la pili likaenda nusu ndio majivu yakawa tope la baridi. Watoto wamesimama na tochi wanaangalia maji yao ya kunywa yanaingia kwenye moto wa mtu mwingine. Kule juu hewa ni kavu, unakauka koo bila hata kutoka jasho. Mke wangu akaniuliza mpaka Jumapili watoto watakunywa nini, sikuwa na jibu, simu haishiki hata mnara mmoja. Asubuhi tukafunga hema tukarudi, likizo ya watoto imeisha kwa usiku mmoja.

Na huo mwanga wa asubuhi ndio ukatuonyesha yaliyobaki. Nyuma ya miti kila mtu alipochimba dawa pako wazi, tishu zinapepea kwenye vichaka, pampasi mbili, na mfuko wa unga wa sembe na pakiti ya pilau masala. Nikaishiwa nguvu. Ni sisi. Jumatatu nafungua grupu la watu wetu wa hapa nakuta picha, duara lile lile la mawe, mti ule ule uliopasuliwa na radi, watu wanacheka na mishikaki yao. Nikauliza kwa upole kabisa nani alizima moto. Nikajibiwa tuliufukia mchanga ukazima, mwingine akasema huo ni msitu wa serikali acha ushamba.

Kufukia mchanga! Ndugu zangu, nani hapa hakumwona bibi yake usiku anafukia kaa kwenye jivu ili asubuhi asihangaike na kiberiti? Mnajua kabisa kaa lililofukiwa halizimi, linalala. Halafu mnakuja kulilaza katikati ya msitu mkavu wa Arizona mwezi wa tano, mwezi na kitu kabla ya mvua. Moto unazimwa kwa maji, unakoroga, unamwaga tena, unashika kwa mkono wako mwenyewe. Kama huwezi kuushika huwezi kuuacha. Na kama huna maji ya ziada usiwashe, kuna majiko ya gesi yenye swichi, choma mishikaki yako hapo uzime uondoke.

Mnadhani nakuza mambo. Juni 2010 hapo hapo juu ya Flagstaff kuna watu waliacha moto wa kambi, ukachoma eka zaidi ya 15,000, ukaitwa Schultz. Mwezi uliofuata mvua ikapiga kwenye ile milima isiyo na kitu tena cha kushika maji, mafuriko yakashuka kwenye nyumba za watu yakaondoka na binti wa miaka 12. Mwaka 2011 mashariki ya jimbo hili hili, binamu wawili wakaondoka wakiamini moto wao umezima, ndio ukawa Wallow, eka 538,000, hilo ni eneo kubwa kuliko Unguja nzima, na mahakamani walikiri. Na nyie wa tishu, Juni 2022 mtu alichoma toilet pepa yake akaisokomeza chini ya jiwe, msitu ule ule wa Flagstaff ukaondoka na eka zaidi ya 26,000 na watu wakahamishwa majumbani kwao. Toilet pepa tu! Unachimba shimo la sentimita 15 mpaka 20, mita 60 mbali na maji yoyote, unafukia, tishu unaondoka nayo kwenye mfuko. Kinyaa ni chako, beba.

Tunaokumbuka Kilimanjaro ilivyowaka Oktoba 2020 tulilia wote mitandaoni, na kule angalau una wapagazi, waongozaji na askari wa hifadhi wa kukusimamia. Huku uko peke yako. Wasimamizi wa msitu wakichoka na sisi wanaweka geti, na watakaoumia ni wale ambao hawawezi kulipa hoteli kila wakitaka watoto wao walale penye baridi.

Kaka uliyeratibu ile safari najua unasoma hapa. Umeshatangaza nyingine wiki mbili zijazo, watu 22, "kambi bure njoo na hema tu". Sijaona neno maji wala neno chepe kwenye lile tangazo. Nijibu hapa hapa mbele za watu, mnabeba lita ngapi za kuzimia moto, machepe mangapi, na ni nani atakayebaki wa mwisho kushika yale majivu kwa mkono wake.