Gardeners' World: tumeongezewa dakika, tumepunguziwa kazi

Ndugu zangu, hasa nyinyi mnaoishi Uingereza na mnaolima vibustani nyuma ya nyumba,

Nimefungua uzi huu kwa hasira, na hasira yenyewe si ya juzi. Msimu wa Gardeners' World, kipindi cha televisheni cha mambo ya bustani, ukifika, tangu Machi hadi Oktoba, Ijumaa jioni huniambii kitu: ninaketi mbele ya BBC Two na daftari langu, kama nilivyozoea tangu nilipoingia nchi hii mwaka 1991. Siku hizi mara nyingi kipindi kinakwisha na ukurasa ukiwa mweupe. Nimesoma mjadala wenu humu kuhusu mabadiliko ya kipindi hiki, ambapo wengine mnalalamikia video za watazamaji, na kwa heshima zote ninaona kwamba wengi wetu tunakilaumu kisichostahili lawama na kukiacha kinachostahili.

Nianze na video za watazamaji. Zilipata nafasi mwaka 2020, wakati wa korona, ambapo wapiga picha hawakuweza kuzunguka na watu wakaombwa wajirekodi wenyewe bustanini mwao. Kaka mmoja ameandika kwamba video hizo ni za kujazia muda tu, na kwamba hakulipa ada ya leseni ya televisheni, ambayo mwaka 2025 ilifika pauni 174.50, ili aoneshwe baraza ya mtu asiyemjua. Kaka yangu, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Ni kwa njia hiyo tulimfahamu Sue Kent wa Swansea, mwenye ulemavu wa mikono, ambaye sehemu kubwa ya kazi ya bustani huifanya kwa miguu. Alituma video yake mwaka huo huo, na baadaye akawa mmoja wa watangazaji. Mama yule anapoketi chini, akaufukia mche kwa nyayo na kuushindilia udongo kwa vidole vya miguu, unaiona kazi yote hatua kwa hatua, kwa sababu hakuna namna ya kuifanya kwa haraka. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko bora kuliko yote, na wanaotaka liondolewe wanataka tuondolewe sisi.

Lawama yangu ni nyingine. Kipindi hiki kwa miaka mingi kilikuwa cha nusu saa, na sasa kinafika saa nzima. Muda umeongezeka, lakini kazi inayooneshwa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuona kwangu, imepungua. Tunatembezwa kwenye bustani kubwa za watu, muziki laini ukipigwa, kamera ikikaa juu ya ua moja lenye umande mpaka mtu anasinzia. Maua ninayapenda, kwetu Tanga mama yangu alikuwa na asumini na mkilua karibu na mlango, na harufu yake ninaikumbuka hadi leo. Lakini ua lililokwisha kuchanua halinifundishi lilivyofika hapo. Sehemu ya mwisho, ile ya kazi za kufanya Jumamosi na Jumapili, ndiyo ninayoisubiri, nayo hupita mbio kabla sijafungua kalamu.

Niwaeleze kwa nini jambo hili linanichoma. Mwaka 1992 niliotesha maharage kwenye vikombe vya maziwa ya mtindi, nikayapanga dirishani, yakapendeza kweli. Mwishoni mwa Aprili jua likawaka siku tatu mfululizo, nikayahamishia yote nje kwa mkupuo mmoja. Usiku wa nne jalidi ikaanguka. Asubuhi nilikuta majani yamekuwa meusi na kulegea kama mchicha uliochemshwa, na nikiyagusa yanabaki mkononi. Sikujua nilikosea wapi, kwa kuwa nilikotoka hakuna mtu anayemfundisha mwenzake kuzoesha mche baridi. Aliyenifundisha ni Geoff Hamilton, aliyekiendesha kipindi kutoka bustani yake ya Barnsdale, Rutland, kuanzia mwaka 1979 hadi alipofariki mwaka 1996: mchana unautoa mche nje, jioni unaurudisha ndani, wiki moja au mbili, mpaka shina likaze. Alikuwa pia akitengeneza vifaa vyake mbele ya kamera kwa mbao na plastiki za bei nafuu, akipima, akikata, akipigilia misumari, nawe unaandika vipimo.

Dada mmoja amesema kwamba kipindi kimekuwa kikibadilika tangu kilipoanza mwaka 1968 na kwamba watu hawajawahi kuacha kulalamika. Ni kweli. Mtangazaji wa zamani Percy Thrower aliondolewa baada ya kuonekana kwenye matangazo ya biashara ya kampuni ya kemikali, na mtangazaji mkuu Monty Don alipougua mwaka 2008 na Toby Buckland akachukua nafasi yake, kipindi kikahamia bustani ya Greenacre, Birmingham, makelele yakawa mengi hadi Monty aliporudi mwaka 2011, safari hii akirekodi nyumbani kwake Longmeadow, Herefordshire. Mimi sigombani na mtangazaji yeyote. Hata Greenacre naona ilionewa, maana ilikuwa bustani inayoanzishwa upya, na nyingi za kwetu zinaanzia hapo hapo. Longmeadow ni ekari mbili. Mimi ninakodi kwa halmashauri nusu kiwanja cha kulimia mboga, mita za mraba 125 hivi, na mchicha wangu hauoti mpaka udongo upate joto mwezi Juni.

Binti yangu hanielewi. Yeye anawapenda mbwa wa Monty, anaupenda huo muziki, na anasema mtu aliyetoka kazini Ijumaa anataka kupumzisha macho. Najua wengi humu mko upande wake, na simlaumu mtu kwa kuchoka. Lakini anayetaka kupumzisha macho ana vipindi vingi vya kuchagua, na sisi tunaotaka kujifunza kulima tuna hiki.

Ninachodai si kikubwa. Wachague tuta moja, dogo, la ukubwa wa kitanda, walirudie kila wiki kuanzia mbegu inapoingia ardhini hadi siku ya kuvuna, bila muziki, na kamera ikae kwenye mikono ya mtu anayefanya kazi. Konokono wakila miche yote usiku mmoja, watuoneshe hilo tuta likiwa tupu, watuambie ni siku gani walichelewa kuangalia, kisha wapande tena mbele yetu.