Naomba ushauri: Yusuf bin Hasan nimfundisheje?

Habari zenu wakuu. Nafundisha historia sekondari, darasa lina Waislamu na Wakristo. Wiki ijayo nafika kwa Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa. Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa kwa njama ya Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, koloni la Wareno huko India, akabatizwa Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus, ngome ya Wareno mjini Mombasa, akamuua kapteni wao, akarejea kwenye Uislamu. Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa, wakiwemo Waafrika.

Hapo ndipo ninapokwama. Wengine watamwona shujaa, wengine muuaji. Mimi naona damu ya baba na manyanyaso ya kapteni vilimsukuma kuliko dini, ila sitaki kuwapita kimya waliokufa. Mliowahi kulifundisha somo hili, mlilianzia wapi?