Dar iwekewe mpaka wa kukua?

Wakuu, madiwani wakichora mstari kwamba jiji mwisho hapa, nje ni mashamba na misitu tu, itafanya kazi kweli? Maana Mbagala kwenda Mkuranga nyumba zimeungana, hujui mkoa umeishia wapi.

Jibu: Portland kule Marekani wanao tangu 1979, ila kuna chombo kimoja, Metro, kinachopanga eneo la kaunti tatu, na sheria inawabana ndani ya mpaka wawe na ardhi ya makazi ya kutosha miaka 20 ijayo.

Jibu: Hapo ndo penyewe. Dar ina halmashauri tano, Kibaha na Mkuranga ziko Pwani, ukibana huku watu wanavuka, shamba la mikorosho linakatwa viwanja 20 kwa 20 barabara hamna maji hamna. Wapange pamoja kwanza jamani!